Aliyeniweka Benchi

Jumatatu, 3 Machi

Kazi nimeanza. Meza, kiti kibovu, rundo la fomu. Tunawahoji akina mama kuhusu mimba za miaka tisa iliyopita — walianza kliniki lini, walimeza dawa gani, walifika wodini saa ngapi, mtoto alikuwa na kilo ngapi. Majibu yanalinganishwa na mafaili ya hospitali. Daktari wa utafiti katuambia tusishangae, mama akishajifungua mengi humtoka. Nikainama kwenye fomu. Mimi? Nisahau?

Mara akaingia mtunza mafaili. Yeye! Mkunga wa siku ile niliyojifungua, sasa kanenepa, miwani inaning'inia kwa kamba. Wanamwita Kiranja. Hakunitambua. Akanipa mkono, karibu mwanangu, jisikie uko nyumbani. Nimeunawa mkono wangu mara mbili.

Jumatano, 5 Machi

Leo mama muuza mitumba. Uzito wa mtoto? "Kilo tatu na gramu mia mbili!" — sijamaliza hata swali. Faili linasema hivyo hivyo. Vidonge vya kuongeza damu? Akaapa kwa kaburi la mama yake hakupewa hata kimoja. Faili: alichukua mara nne. "Basi labda niliwapa kuku," akasema. Tulicheka hadi machozi.

Daktari kafurahi. Uzito na upasuaji hawasahau, kasema, dawa na tarehe ndizo zinazowapotea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelipata faili langu. Rafu ya chini kabisa stoo, vumbi tupu. "Mama amechelewa kufika. Amefika saa tisa alasiri. Mtoto hakulia." Sahihi ya Kiranja.

Uongo! Nilifika saa nne asubuhi. Niliwekwa benchi la korido, nikaambiwa tulia, si wewe wa kwanza kuzaa. Chupa ilipasukia pale pale, watu wakaruka maji wakapita. Kwa saa tano nzima!

Binti yangu ana miaka tisa sasa. Hatembei. Namlisha kwa kijiko. Na maneno hayo hayo yalinakiliwa kwenye kadi yake, mama mkwe akayasoma kwa sauti sebuleni, ukoo mzima umekaa: mnaona, kamlemaza mtoto kwa uvivu wake. Mume wangu akaangalia sakafu. Mwezi uliofuata akahama.

Mstari mmoja wa peni ya bluu. Kiranja, nitakukalia kooni.

Jumapili, 9 Machi

Dada kaja kunisaidia kufua. Ndiye aliyenisindikiza siku ile. Nilipomwambia kuhusu faili akalia, mikono ikiwa ndani ya povu. Saa nne, kasema, hata mbele ya hakimu atasema saa nne.

Kisha akafuta machozi kwa kiwiko. "Lakini mdogo wangu, aliyekuweka benchi si alikuwa yule mrefu, mwembamba?"

Nikamkatiza. Ni Kiranja! Uso wake nauona kila nikimvalisha mtoto vyuma vya miguu. Miaka tisa nauona! Dada akaendelea kusuuza shuka ambayo ilishatakata.

Jumanne, 11 Machi

Mwenzangu wa meza ya pili kanihoji, kama mama mwingine yeyote. Nimejibu kila swali bila kufikiri. Sindano za pepopunda nikasema mbili, kumbe faili lina moja. Dogo hilo.

Barua nimempelekea mganga mkuu. Nimeandika wazi: mkunga huyu ndiye aliyeniweka benchi kwa saa tano, kisha akaandika uongo kujificha. Namtaka aondoke kazini, na jina langu lisafishwe.

Mchana Kiranja kaitwa. Karudi kapauka, akagonga rafu, mafaili yakamwagika. Nikamsaidia kuokota! Moja moja, taratibu.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Sista. Mtoto anakusalimu."

Roho yangu kwatu! Jioni nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao kesho. Leo nimelitafuta daftari la mapokezi la mwaka ule. Limo! Jina langu, saa nne na dakika ishirini. Nimelibusu, vumbi na yote. Mama mkwe, njoo usome na hili kwa sauti!

Kisha nikageuza ukurasa. Orodha ya zamu. Asubuhi: mkunga mwingine, jina silijui. Kiranja kaingia saa tisa.

Nimesoma mara tano. Hakuwepo. Alinikuta benchi, akanipeleka chumbani. Ndiyo maana uso wake ndio uliobaki — ulikuwa umeniinamia, unaniambia sukuma, mama, sukuma. Aliyeniweka benchi ni yule mrefu wa Dada.

Lakini uongo kauandika yeye! Kwa nini hakuuliza nilifika saa ngapi? Aliambiwa nini, akaandika tu? Peni si ilikuwa mkononi mwake?

Ukurasa wa saa nimeupiga picha. Ule wa zamu nimeuchana. Mkono wenyewe ulichana.

Ijumaa, 14 Machi

Wametoa dakika kumi za kupumzika. Niko chooni, naandika juu ya goti.

Picha ya saa imewamaliza. Mganga mkuu kaniomba radhi mbele ya wote, kadi ya mtoto itaandikwa upya. Nilidhani ningelia. Sikulia. Nilikuwa namtazama yeye tu.

Kiranja kakiri mstari ni wake. Mwenzake alimwambia mama kachelewa, akaandika alivyoambiwa, na hilo kaliombea msamaha kwa kupiga magoti, mtu mzima yule. "Lakini asubuhi sikuwepo, mwanangu. Nakumbuka nilikuja zamu ya mchana." Mganga mkuu kalipekua daftari. Ukurasa hakuna. Basi, kasema, tumebaki na kumbukumbu ya mama na kumbukumbu ya mkunga. Daktari wa utafiti akadakia: huyu mama kakumbuka saa yake kwa miaka tisa, mimi namwamini yeye.

Mganga mkuu akanigeukia. Una uhakika ni huyu?

Nikaomba maji. Ndipo wakatoa hizi dakika kumi.

Ukurasa uko kwenye pochi. Dada yuko huko korido, nilimleta awe shahidi wa saa tu. Hajaulizwa kuhusu sura.

Saa tano, jamani. Saa tano nzima!

Mlango unagongwa. Ni yeye Kiranja, sauti ya wodini ile ile: mama, uko salama humo ndani? Nikuletee yale maji?