Ankara Haipitii Tena kwa Stoo

Makambako, Jumatano

Sirudishi. Kaduma aninunie mpaka achoke, sirudishi.

Programu tunayoitengenezea kampuni ya malori ina sehemu tatu: ankara, stoo na kodi. Ankara, ambayo ni yangu, ilikuwa inaitumia kodi bila kuitaja popote, ikiipata kwa kupitia stoo. Leo Kaduma, mwenzangu anayeandika sehemu ya stoo, aliiondoa kodi kwake kwa kuwa haihitaji tena. Alikuwa na haki. Lakini ankara ikafa palepale, na malori ya mahindi yakakwama bila karatasi.

Akairudisha haraka, akasema yamekwisha. Kwangu hayajaisha. Nikaifunga ile njia ya kupitia stoo: kila sehemu itaje yenyewe inachokitegemea. Kioo cha kompyuta kikajaa makosa.

"Dada Tulia, umeharibu kazi! Rudisha ilivyokuwa!"

"Kaka, ilikuwa imeharibika siku zote. Tulikuwa hatuoni tu."

Mzee Hamadi, mwenye malori, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Binti, yataondoka leo?"

"Yataondoka, mzee."

Niliogopa, sitajidanganya. Nikipoteza kazi hii, nyumbani Njombe nitawaambia nini...

Nikapita kosa baada ya kosa, nikiitajia ankara kila inachokitumia. Jioni printa ikaanza kutoa karatasi. Kaduma alikaa kwenye kompyuta yake, akaiondoa tena kodi kwenye stoo, makusudi, huku akinitazama, kisha akaiamuru kompyuta iijenge programu upya.

Karatasi ziliendelea kutoka.