Jiwe la Kusagia au Debe la Mchanga

Nkende, Jumanne

Mkono huu uliovunjika ukaunga usipopata nguvu kabla ya mvua, nani atashika plau? Leo nilijifungia chumbani, kifua wazi, nichague cha kunyanyua: jiwe la kusagia au debe la mchanga. Nikachagua jiwe. Kwa umri huu bado najiona dume.

Mara mama mkwe akaja, akaketi mlangoni. Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso, basi nikakwama humu.

Jiwe likaniponyoka, likatua kwa kishindo. Mke wangu akamweleza nachagua jiwe au debe; nikamsikia mama mkwe akimwambia, "Mwanangu, mwambie baba watoto aanze na debe, tena nusu. Jiwe tunasagia."

Nimepunguza mchanga. Nimenyanyua mara tano, mkono umetii.

Mama mkwe anasema ataondoka Ijumaa.