Kiti Kilichopimwa kwa Njiti

Chumba cha Ushonaji,
Karakana ya Magari.
9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua tangu mhamie huko mbali. Sisi huku hatujambo. Mama anapumua vizuri siku hizi, na ulimi wake haujapoa hata kidogo. Bado ananigombeza kama nina miaka saba.

Najua swali lako la kwanza: karakana bado iko wazi? Iko, Mjomba. Ila tuliponea chupuchupu, na nina jambo la kukiri kwako. Maliza kusoma kwanza ndipo ukasirike.

Mwaka juzi tuliuza magari ya mbio kumi na moja tu. Mwaka jana akaja mkurugenzi mpya, mama mmoja aliyekuwa akiuza matrekta, akatuambia waziwazi kwamba tusipopata oda arobaini kufikia mwisho wa Februari, milango inafungwa. Akamuuliza kila mmoja wetu kampuni inahitaji nini ili ikue. Mafundi wa injini wakataka mwendo zaidi, kama kawaida yao. Wa rangi wakataka rangi mpya. Mimi, mshona viti, nikainamia cherehani yangu.

Mama yule hakubishana na mtu. Aliwaita watu waliowahi kuja kulitazama gari letu wakaondoka bila kununua. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, mtu wa miraba minne. Aliingia kwa shida, akakwama, ikabidi tufungue kiti kwa spana ndipo atoke. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini alicheka. "Gari lenu zuri sana," akasema, "ila mmemshonea mtu mwingine."

Huyo mtu mwingine namjua. Ni Njiti, dereva wetu wa majaribio. Wewe ndiye uliyemkalisha kwenye kiti cha kwanza miaka ile, ukamchora kwa chaki, na tangu hapo kila kiti nimekikata kwa mchoro uleule. Na Njiti, unamjua, mkanda wa suruali unamzunguka mara mbili! Halafu tunashangaa kwa nini yeye peke yake ndiye anayelisifu gari.

Wiki nzima niliendelea kukata viti kwa mchoro ule. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika sindano, na niliona kwamba kusema kipimo chako kina kasoro ni kukuvunjia heshima mbele za watu. Kisha nikakumbuka kuwa kwa miaka yote uliyofanya kazi hapa hukuliendesha gari hata siku moja. Ulikuwa unasema, "Gari la mbio si la wanene," unacheka, unarudi mezani kwako. Nami nilidhani ni utani.

Basi nikaingia stoo, nikaichukua ovaroli yako kuukuu iliyobaki msumarini, nikaijaza sponji mpaka kitambi kikatokea vilevile kama chako. Nikaikalisha garini mbele ya mkurugenzi, nikasema yote. Akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia, ni Mjomba. Tangu siku hiyo hakitoki kiti hapa bila Mjomba kukikalia kwanza. Mlango nao umepanuliwa. Injini haikuguswa, na mafundi wake bado wamenuna.

Daktari alirudi, akaingia, akafunga mlango, akakataa kutoka. Akatuletea na wenzake watatu. Februari imeisha tukiwa na oda arobaini na sita, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu wawili, mpole na mtundu. Mama anakusalimu. Njiti pia, ingawa sasa analalamika kwamba kwenye kona anarukaruka kitini kama harage ndani ya debe. Mungu akulinde, alitulize hilo goti, akufikishe huku salama.

Maana mkurugenzi amesema gari la kwanza lenye kiti kipya haliuzwi mpaka wewe uliendeshe. Ufunguo ninao mimi, kwenye droo ya sindano. Njoo, Mjomba. Na tafadhali, mpaka ufike, usikonde.

Mpwa wako anayekupenda sana,
Sindano