Kwani Tainan Hawauzi?

Shangazi Liao mpendwa,

Nisaidie, maana usingizi umenikimbia na chakula hakipiti. Mimi ni mhandisi wa kiwanda cha chipu za kompyuta hapa Hsinchu, mwana wa pekee wa mama mjane, na kampuni inanipeleka Arizona miaka mitatu kuwasha kiwanda kipya, kwa sababu wateja wa Marekani wanaogopa kwamba China ikiifunga bahari yetu siku moja watakosa chipu kabisa, na serikali yao inachangia gharama, na bosi anasema tusipowafuata watatafuta wengine, nami nilitaka kumweleza mama lakini habari hizo zikitokea kwenye televisheni huweka vijiti vya kulia chini na kusema, "Chipu ndizo zinazofanya wakubwa wa dunia watukumbuke. Wakiwa na zao kwao, nani atakuja kututetea? Na huyo anayewapelekea, hana mama?" basi nikaogopa, nikamwambia nahamishiwa Tainan, kusini mwa kisiwa hiki hiki, akafurahi, akasema atakuwa anapanda treni kuniletea supu.

Jumamosi alifungua sanduku langu akakuta katoni ya zile pakiti za kijani za vitafunwa vya nazi tunazoweka juu ya mitambo kiwandani, kwa imani kwamba itatulia isigome, maana wenzangu walio kule wanasema hazipatikani. Akaniuliza, "Kwani Tainan hawauzi?" Nikasema za huko si tamu. Akasema, "Ala! Siku hizi mitambo inaonja?" Kisha akavaa miwani, akakagua tarehe za pakiti zote, akatoa zilizokaribia kuisha muda, maana iliyokwisha muda haitulizi mtambo, akanunua nyingine, akaongeza na mafuta ya midomo mikavu, ingawa Tainan ni unyevu mtupu. Nashukuru hajashuku kitu.

Nimwambie sasa au nimpigie nikishafika? Na kweli mimi ni msaliti?

Mwana wa Pekee, Hsinchu

Mwana wa Pekee,

Pole. Sasa nisikilize. Umesoma mpaka ukapitiliza, na hujui kilichomo sandukuni mwako. Mama anayekufungashia mafuta ya midomo anajua vizuri kwamba unakwenda jangwani huko Arizona. Anangoja useme mwenyewe, na wewe unamhadithia utamu wa vitafunwa! Huna haya?

Kuhusu usaliti: mwenye duka ambaye wateja wake wanaogopa njia hufungua tawi upande wao, na nyumba yake haihami. Kampuni yako inafanya hivyo. Sitakudanganya kwamba hofu ya mama ni ya bure, hata mimi ninayo. Lakini kisiwa hiki kina watu wengi wa kukihangaikia, na mama yako ana wewe tu.

Leo jioni zima televisheni. Mpakulie supu, mpe kwa mikono miwili, sema, "Mama, naenda Arizona." Akilia, mwache alie. Akikupiga kandambili, umeitafuta mwenyewe. Halafu mwombe awe anakutumia pakiti mpya kila hizo zinapokaribia kuisha muda. Atanung'unika, na atazituma.

Na kabla hujafunga sanduku, toa pakiti moja uiweke juu ya simu yake. Huo ndio mtambo usiotakiwa kugoma.