Kati ya Jumanne na Alhamisi

Baba,

Amani iwe juu yako huko uliko. Nimekaa jikoni kwa Mama, hapa Kilburn, mvua inapiga dirisha, naye yuko chumbani kwenye eda yako. Nakuandikia kwa sababu nyumba hii haina tena mtu wa kuulizwa.

Huyajui yaliyopita. Ulitoka asubuhi kununua mkate ukaanguka mlangoni mwa duka. Mshipa ulipasuka kichwani. Nilipofika hospitali walikuwa wameshakutia mashine ya kupumulia. Mimi ni nesi, Baba, mashine ile naijua, nimewaelezea watoto wa watu wengine wangapi. Siku ile niliitazama kama sijapata kuiona.

Jumanne daktari, mwanamke mmoja mpole, alikupima mbele yetu. Alikumulika macho. Akakutia maji ya baridi masikioni. Akaitoa mashine kidogo aone kama utavuta pumzi mwenyewe. Hukuvuta. Akatwambia ubongo umekufa, na kwa elimu yao na sheria ya hapa, wewe umeshafariki.

Nikasema, "Naelewa." Neno hilo tu.

Kaka Nassor akanigeukia. "Unaelewa nini, Salma? Mkono wake una joto. Maiti gani huyu?"

"Ni mashine inayompumulia, kaka."

"Na moyo? Moyo nao unapigishwa na mashine?"

Moyo ulikuwa ukipiga wenyewe.

Nassor akenda kumleta shehe wa msikiti wetu. Shehe alikusomea Yasin, kisha akasimama nasi ukumbini, anavua kofia, anavaa. "Wanavyuoni wamekhitalifiana," alisema. "Wapo wanaoikubali kauli ya madaktari, wapo wanaosema mpaka moyo usimame. Mimi, wanangu, jambo hili siwezi kulibeba."

Daktari akatupa muda kabla ya kuizima mashine. Nassor akakaa upande mmoja anasoma, mimi upande wa pili nimekodolea macho namba za mashine, na Mama amekushika mkono anakuhadithia habari za Unguja, nani kaoa, nani kajenga. Alhamisi, Nassor amekwenda kusali adhuhuri, moyo ukasimama. Mama alikuwa katikati ya hadithi.

Cheti cha kifo kimeandikwa kwamba ulifariki Jumanne. Nassor alikisoma mara moja akakiweka juu ya meza. "Mmemwandika maiti yu hai," aliniambia, "na wewe ukaitikia." Tangu hapo hajasema nami. Eda Mama anaihesabu tangu Alhamisi. Hitma ya arobaini Nassor aliisomesha kwake, Stratford. Mimi nilisikia kwa watu.

Unaikumbuka siku ile jua lilipopatwa, tuko wadogo? Ulikuwa mwalimu wa fizikia uliyehama baada ya Mapinduzi, darasa huna, unakagua tiketi za treni. Ulitoboa boksi la viatu kwa sindano, ukatupeleka bustanini, ukatuonyesha jua linavyomegwa, dogo kama ukucha, ndani ya boksi. Ukatueleza mwezi unapopita. Kisha ukatandika koti lako kwenye majani mabichi, Wazungu na mbwa wao wakipita, ukatusalisha sala ya kupatwa kwa jua. Nassor ndiye aliyekuuliza: kama sababu tunaijua, tunasali ya nini? Ukacheka. "Kujua mlango unavyofunguka," ulimwambia, "hakukuzuii kupiga hodi."

Sote wawili tulikuamini. Kumbe kila mmoja wetu alishika nusu ya maneno yako, na nusu hizo hazikai chumba kimoja bila wewe. Nimejaribu, Baba. Wallahi nimejaribu.

Jana nilikuwa namkanda Mama miguu. Akaniuliza, polepole, "Salma, wewe umesoma. Zile siku mbili nilizokuwa nikizungumza naye, nilikuwa nazungumza na nani?"

Kazi yangu ina jibu. Sikuweza kumpa. Na lile jibu jengine, kwamba ulikuwa ukimsikia, nalitaka mno hata siliamini tena. Nikaendelea kumkanda. Akasubiri. Kisha akaivuta miguu yake taratibu akaifunika kwa kanga.

Sasa nakuaga, Baba. Mungu akulaze pema. Nakuahidi sitamdanganya Mama, hata akiniuliza tena, na najua ataniuliza. Na Nassor nitampigia simu kila Ijumaa, hata kama hataki. Ijumaa iliyopita simu ilipokewa na binti yake. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba baba yake hayupo. Nyuma yake nilimsikia Nassor anasoma Kurani, kwa sauti yako hasa. Nikasikiliza mpaka mtoto akakata.

Mwanao,
Salma