Baba Yako Anautazama Mlango

Grimsby, Jumanne

Mwanangu Clifford,

Salamu nyingi. Dada yako Enid hajambo, wanawe hawajambo, mimi ni magoti tu. Baba yako ndiye hali mbaya. Daktari anasema hafiki Jumapili.

Jana televisheni ilirudia filamu yako ya zamani, wewe ni askari kwenye mvua. Baba akaniambia, "Hilda, mfungulie mtoto, atalowa!" Enid akamjibu, "Baba, huyo analipwa kulowa." Hakucheka. Mpaka sasa anautazama mlango.

Miaka arobaini hatujakuomba ukose onyesho. Ulisema yuko mwenzako aliyejifunza maneno yako ya mchezo, ukiugua anaingia yeye jukwaani. Basi mwache aingie. Hapa hatuna wa kuingia badala yako.

Nijibu upesi, piga simu kwa jirani Bi Ogden, ingawa najua utasema huwezi kuliacha onyesho.

Mama yako