Penseli ya Mama Mkwe

Shosti, acha unachofanya usome! Mkutubi wetu leo kaumbuka mchana kweupe 😂

Kikao kilikuwa cha kuamua vitabu vya historia ya mji vitunzwe wapi. Yeye kashikilia vifungiwe kabatini, asiguse mtu. Ili kutuonyesha uharibifu, akafungua kile cha historia ya soko, pembeni kumejaa maandishi ya penseli. Akapaza sauti: "Mpumbavu gani huyu asiye na adabu?"

Mama mkwe wake, aliyealikwa kuwakilisha wasomaji wazee, akanyoosha mkono. "Ni mimi, mwanangu."

NI MIMI, MWANANGU!! Mkutubi nusura akae pasipo na kiti.

Mama mkwe wala hakukasirika. "Kitabu kinasema soko lilijengwa na mkuu wa mji. Mawe tuliyabeba sisi wanawake. Nikaandika majina yetu, yasipotee."

Basi Mkutubi akausoma ukurasa ule upya, kwa sauti, jina kwa jina. Majina kumi na manane. La mwisho, la mama mkwe mwenyewe, alilisoma machozi yakimlengalenga, kisha akaomba radhi mbele ya wote.

Tumekubaliana: vitabu vinahamia chumba cha nyuma, kikavu, ndani ya maboksi, mbali na jua. Anayetaka kusoma atasomea mezani pale pale. Maandishi hayafutwi ng'o! Na mama mkwe kapewa daftari lake, aandike yote anayoyakumbuka.

Kaanza hapo hapo. Kikao kimefungwa zamani, lakini hakuna aliyetoka. Mkutubi kavuta kiti karibu yake, anamuuliza: "Enhe, mama, na nani mwingine?"